Jiwe la Barafu na Sekunde Zangu Tisa

2 Machi
Naanza kuandika kwa sababu Désiré ameniagiza. Tulisoma naye chuo kikuu hapa Lubumbashi. Leo yuko Kinshasa, anaratibu kikundi cha watu wanaopenda nyota, na mimi bado nafundisha fizikia darasa la mwisho la sekondari, na koti langu ni lile lile. Anasema mtazamaji wa anga huandika hali ya mawingu kila siku. Basi: mawingu. Mvua tangu mchana.

5 Machi
Mawingu.

9 Machi
Darubini tatu zimefika kutoka Kinshasa, zimefungwa kwenye magodoro ya watoto. Nimewaeleza wanafunzi jambo lenyewe, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuna aliyelala.

Huko mbali, kati ya Zohali na Uranus, kuna jiwe la barafu linalozunguka jua bila haraka, miaka sitini na kitu kwa mzunguko mmoja. Jina halina, lina namba tu. Wataalamu huyaita mawe ya namna hiyo santauri: nusu ni jiwe la kawaida, nusu ni nyota ya mkia, na kila moja linapita njia za sayari kubwa kama mtu asiye na kiti chake. Jumamosi tarehe 11 Aprili jiwe letu litapita mbele ya nyota moja, na kivuli chake kitapita juu ya Kasenga, Lubumbashi na Kipushi. Nyota itazima kwa sekunde chache. Ukihesabu sekunde hizo vizuri, unajua upana wa jiwe. Hata darubini kubwa za Ulaya huliona kama nukta tu.

Kwa hiyo watahitajika watazamaji watatu. Mimi hapa shuleni. Stanislas, mwalimu mwenzangu, kule Kipushi. Kasenga atakuwa Chancelvie, kwa sababu likizo ya Pasaka huenda kwa bibi yake kando ya Luapula. Ndiye binti mwenye akili kuliko wote darasani, na analijua hilo kidogo kupita kiasi.

17 Machi
Mvua. Darasa la tatu linavuja. Tumehamisha madawati.

24 Machi
Nimewapa Stanislas na Chancelvie karatasi ya Désiré yenye saa: 18h47, heure locale, yaani saa ya mahali. Nilikuwa natoka, mvua inanyesha, Chancelvie akanikimbilia hadi getini.

"Monsieur, hii heure njo ya huku ao ya Kinshasa?"

"Unajua kusoma? Karatasi inasema locale. Fuata karatasi."

"Sawa, monsieur. Nilikuwa nauliza tu."

Hawa watoto wanauliza ili waonekane wameuliza.

2 Aprili
Shule imefungwa. Chancelvie amepanda gari la Kasenga na darubini magotini. Mama yake, Hortense, anayeuza samaki sokoni, amenipigia simu kunishukuru kwa heshima niliyompa mtoto wake.

8 Aprili
Mawingu, lakini membamba.

11 Aprili
Naandika kwa kuwa daftari halina mdomo.

Madame Préfète, mkuu wetu wa shule, alialika wazazi. Nilikuwa nimemwambia ni jambo la kisayansi, yeye akasikia sherehe. Viti vya plastiki vilipangwa uani, na kulikuwa na soda, sucré, na mikate ya kukaanga. Watu kama arobaini walikuja, na baba mmoja alivaa tai. Mawingu yalifunguka kabla ya giza kuingia vizuri. Niliipata nyota yangu, ndogo, nyeupe, imetulia katikati ya kioo.

18h46 watu wote walinyamaza. 18h47 nyota ilikuwa pale. 18h48 ilikuwa pale. Jicho lilianza kutoa machozi. Mwalimu wa Kifaransa alikohoa. Nilisikia chupa ya sucré ikifunguliwa nyuma yangu, halafu sauti ya Préfète: "Monsieur Aaron? Bado?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Imezima!"

Nilihesabu kwa sauti, na wanafunzi wakahesabu nami. Tulipofika tisa nikasema, "Imerudi!" Sijui kwa nini tisa. Walipiga makofi. Baba mwenye tai alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wakati wote huo ile nyota iliendelea kuwaka kama ilivyokuwa inawaka, na mimi peke yangu niliiona.

Nimejitetea hivi: mahesabu ya watu wa nyota hukosea, kivuli kimepita mahali pengine, hakuna aliyeibiwa kitu.

12 Aprili
Nimemtumia Désiré: sekunde tisa, 18h47. Nimeandika bila kusita, na hilo linanitia aibu zaidi.

Stanislas ameandika kwa ufupi: "Sikuona kitu. Nyota haikuzima." Nimemjibu kwamba labda ukingo wa kivuli umepita kati yetu. Amekubali. Stanislas hukubali.

Chancelvie ametuma ujumbe na sauti aliyorekodi kwa simu. Anasema 18h47 hakukuwa na kitu, akabaki hapo hapo, na 19h47 nyota ikazima sekunde kumi na nne. Tena anasema ilipepesa mara moja kabla ya kuzima, na mara moja baada ya kurudi. Nilicheka. Kisha nikakasirika. Saa nzima baadaye! Jiwe halipepesi! Nikawaza: naye amekosa, akatunga, na hata kutunga hajui. Sauti yenyewe sikuisikiliza. Ujumbe wake sikumpelekea Désiré.

20 Aprili
Shule imefunguliwa. Asubuhi, wanafunzi wote wakiwa kwenye mistari yao kwa salut ya drapeau, kusalimu bendera, Préfète ameniita mbele nieleze matokeo. Nimeeleza sekunde zangu tisa. Wamepiga makofi. Ningeishia hapo.

Lakini Chancelvie alikuwa mstari wa mbele, ananitazama, anasubiri zamu yake. Yale macho yalinichoma. Nikasema sayansi ni ukweli kwanza, na kwamba kuna mwenzao aliyeona nyota ikizima saa nzima baada ya watu wengine wote. Nikasema, "Labda jiwe lilisimama kwanza Kasenga kununua samaki."

Uwanja mzima ulicheka, hata mlinzi wa geti. Chancelvie alisema, polepole, "Monsieur, niliona." Nikamwambia anayedanganya hesabu leo atadanganya watu kesho. Nilisema hivyo mimi, mbele ya bendera.

21 Aprili
Wanamwita Dix-Neuf Heures, Saa Kumi na Tisa. Nimewasikia koridoni na sikuwakataza.

24 Aprili
Mvua kubwa, nadhani ya mwisho. Chancelvie hakuja.

27 Aprili
Hakuja.

29 Aprili
Barua pepe ya Désiré. Naandika maneno yake kama yalivyo, ili nisiyalainishe:

"Mzee Aaron, kitu kimoja. Ile 18h47 niliandika ya kwetu Kinshasa, nilisahau ninyi muko mbele saa moja. Kwenu ilipaswa kuwa 19h47. Yako ulisoma kwa saa ya wapi?"

Nilikwenda kutafuta karatasi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa saa ya dunia: 17h47 TU. Mimi ndiye niliyewafundisha darasani kwamba hapa tunaongeza mbili. Mtu yeyote wa mji huu, hata muuza mikate, akisikia redio ya taifa ikitaja saa huongeza moja bila kufikiri. Mimi nilipoulizwa getini nilijibu "unajua kusoma?"

Kwa hiyo nyota ilizima kweli. Ilizima saa moja baadaye, wakati mimi nilikuwa nyumbani nakula bukari, ugali wetu, na kumsimulia Laurentine, mke wangu, jinsi walivyonipigia makofi.

Désiré alikuwa amenifungulia mlango wa kutorokea bila kujua. Neno moja tu lilitosha. Nikaandika: "Ya Kinshasa, bila shaka." Nikatuma.

Tarehe 11 ningeweza kusema niliteleza. Leo sikuteleza.

2 Mei
Nimesikiliza sauti ya Chancelvie. Dakika kumi na sita.

Mwanzoni vyura tu, na watu wakiitana mtoni. Bibi yake anauliza kama hawezi kuvaa kitu cha joto. Kisha: "Imepepesa. Aa! Imezima." Anahesabu, sauti inapanda kidogo kidogo, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. "Imerudi. Imepepesa tena!" Halafu anacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepewa kitu.

"Ni nini ile?" bibi anauliza.

"Ni jiwe, nkambo. Jiwe ya glace. Imepita sasa hivi juu ya sisi."

"Iko na baya?"

"Hapana. Imepita tu."

Aliacha simu iendelee kurekodi. Mwishoni kabisa, kutoka ng'ambo ya Luapula, redio ya Wazambia inatangaza taarifa ya habari ya saa 20. Kule saa yao ni moja na yetu. Nikahesabu kurudi nyuma. 19h47 kamili.

Ningeisikiliza siku ile ile yasingetokea haya. Sikutaka kuisikiliza. Ndiyo kweli, sikutaka.

4 Mei
Désiré ameandika kwamba kwa sekunde zangu tisa wamepata upana wa jiwe: kilomita mia na themanini hivi. Kwa sekunde za Chancelvie ingekuwa mia mbili na themanini. Nimekata kilomita mia za kitu ambacho sijawahi kukiona.

6 Mei
Nilikwenda sokoni kwa Hortense. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Alipoona naja alisimama, akafuta mikono kwa kitenge, akaanza yeye.

"Monsieur, unisamehe. Nilisikia haya sana. Mutoto wangu kusema bongo, kudanganya, mbele ya masomo yote!"

"Mama Hortense..."

"Nilimupiga, monsieur. Nilimwambia monsieur Aaron eko muntu wa kweli, weye njo ulileta haya mu nyumba. Sasa anakataa masomo. Eko ku Kasenga kwa nkambo, anakausha samaki. Unisaidie kumusemea kwa Madame, basimufute."

Nilifungua mdomo. Alikuwa ameshachagua samaki watatu wakubwa, anawafunga kwenye gazeti, ananiwekea mikononi. Nikasema, "Asante, mama."

Nilipokea samaki. Naandika tena ili nisome: alimpiga mtoto kwa ajili yangu, na mimi nilipokea samaki.

7 Mei
Laurentine aliwapika na nyanya. Walikuwa watamu. Tuliwamaliza wote.

11 Mei
Baridi asubuhi, vumbi limeanza. Préfète ana barua ya pongezi kutoka kwa kikundi cha Désiré, anataka kuisoma kwenye drapeau wiki ijayo. Pia ametoa tangazo: mwanafunzi wa darasa la mwisho asiyerudi kabla ya tarehe 29 jina lake litaondolewa kwenye orodha, hatafanya Examen d'État, mtihani wa taifa. Watoro ni wawili. Mmoja ameolewa. Mwingine ni Chancelvie.

12 Mei
Anga safi. Hakuna wa kuliangalia.

13 Mei
Nimemwambia Laurentine yote. Alikuwa anachambua lengalenga, na hakuacha kuchambua hadi nilipomaliza. Nilitegemea atalia, au aniambie kila mtu hukosea.

"Ile samaki ya Hortense," akasema. "Mi nilikula pia."

"Hukujua."

"Sikujua. Weye ulijua, na ukaniacha nikule." Akasukuma sinia. "Nyota, mi siyui mambo yake. Lakini ulipeleka mutoto wa bantu ku fimbo, na unakaa hapa unaandika mu cahier."

Ni kweli. Mwezi mzima najiungama kwa daftari, na daftari halijamrudishia mtu yeyote kitu chochote.

16 Mei
Kasenga. Nimetoka alfajiri na gari la wafanyabiashara wa samaki, nimefika mchana, nimepakwa vumbi hadi kwenye kope. Nilimkuta Chancelvie anageuza samaki juu ya wavu wa kukaushia. Aliniona, akaendelea kugeuza. Bibi yake aliniletea kiti na maji. Sikukaa.

Nilimwambia. Kwamba sikuona kitu. Kwamba nilitunga zile tisa. Kwamba saa nilikosea mimi, na nilipojua nimekosea nilidanganya mara ya pili. Kwamba yeye peke yake, Haut-Katanga nzima, ndiye aliyeona. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri garini, yote yalipotea, yakatoka haya makavu.

Aligeuza samaki mmoja, halafu mwingine.

"Juu ya nini, monsieur?"

"Watu walikuwa wanasubiri. Niliona aibu kuwaambia hakuna kitu."

"Na mi?" akasema. "Mi sikukuwa na haya? Masomo nzima ilinicheka. Mama alinipiga na muti ya mufagio. Nilianza kufikiri labda kweli sikuona. Nilikuwa nasikiliza enregistrement yangu kila siku, juu ya kujua kama ni mi njo niko na bongo."

Hilo la mwisho sikuwa nimeliwaza kabisa. Nilidhani nilimnyang'anya sifa, kumbe karibu nimnyang'anye hata alichoona kwa macho yake.

Nikasema nisamehe. Nikasema nimekuja kumchukua, gari linarudi saa tisa alasiri.

"Hapana," akasema. "Huku kuko mi na nkambo tu. Weye ulisema ku drapeau. Enda useme ku drapeau. Kama umesema, nitasikia."

Akaingia ndani, akatoka na darubini, imefungwa kwenye kitenge kisafi, akaniwekea mikononi kama mama yake alivyoniwekea samaki. Nimerudi nayo magotini.

17 Mei
Nimemwandikia Désiré kila kitu, nimemtumia sauti ya Kasenga. Nimepita kwa Hortense baada ya misa. Alinisikiliza amesimama. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilimupiga, monsieur," kisha akalirudia tena, akaingia ndani na kuniacha mlangoni.

18 Mei
Préfète alikuwa na barua ya pongezi mkononi, imewekwa kwenye jalada la plastiki. Nilimwomba nizungumze kwanza. Alidhani ni shukrani.

Bendera ilikuwa imepanda. Wanafunzi mia tano na kitu, baridi, mikono mifukoni. Nilisema: "Tarehe 11 Aprili sikuona kitu. Nyota haikuzima. Nilidanganya." Mtoto mmoja nyuma akacheka, akidhani naanza utani. Nikaendelea. Nilisema saa nilizokosea, nilisema nani aliniuliza getini na nilimjibu nini. Nilisema: "Chancelvie aliona. Aliona peke yake, akahesabu sawasawa, akasema kweli. Hapa hapa nilimwita mwongo, na mwongo ni mimi." Nililia hapo. Sikulia kwa uzuri. Nilitoa makamasi mbele ya darasa la kwanza.

Nilisimama nikisubiri kitu fulani kitokee. Hakuna kilichotokea. Préfète alikunja barua, jalada likatoa mlio, akasema, "Mu madarasa." Wakaenda.

Baadaye ofisini kwake alinieleza, bila kupandisha sauti, kwamba ripoti itakwenda kwa inspekta, na kwamba mwaka ujao huenda nisiwe na darasa la mwisho. Nilisema nimeelewa. Jina la Chancelvie amelibakiza hadi tarehe 29, kama la kila mtu.

19 Mei
Leo koridoni mtu ameniita Dix-Huit Quarante-Sept, ile 18h47 yangu. Nimegeuka. Wamekimbia.

22 Mei
Désiré amejibu, mistari michache. Sekunde tisa zimefutwa. Kumi na nne zimewekwa, na jina: Chancelvie, Kasenga. "Sikuona kitu" ya Stanislas, iliyosomwa saa isiyo yake, haina faida wala hasara. Kuhusu kupepesa: jicho moja halitoshi kutangaza, lakini mawe mengine ya aina hii yamewahi kukutwa na pete kama za Zohali, na pete hufanya nyota ipepese kabla na baada, na sasa wanajua watafute nini safari ijayo. "Ungetutumia siku ile," ameandika, "tungekuwa tumeshawaambia wenye darubini kubwa." Hakuandika Mzee Aaron. Ameandika Aaron tu.

25 Mei
Hakuja.

26 Mei
Hakuja. Nimepita sokoni, meza ya Hortense ni tupu. Jirani yake anasema ameondoka jana na gari la Kasenga.

27 Mei
Upepo. Anga safi kabisa.

28 Mei
Niliingia darasani nikiwa natazama chini, nimezoea sasa. Niliweka daftari la mahudhurio mezani na kuanza kuita. Nilipofika kwenye jina lake nilifikiri niliruke, kama nilivyofanya wiki hizi zote ili wasicheke. Nikaliita.

"Présente."

Alikuwa dirishani, mahali pake, kitenge cha baridi mabegani, mikono bado ina harufu ya moshi wa samaki, nadhani, maana jirani yake alikuwa amesogea kidogo. Wengine wote humalizia, "Présent, monsieur." Ndiyo desturi ya shule, na mimi ni mkali kwa desturi. Yeye aliishia hapo, akanitazama aone nitafanya nini.

Niliweka alama mbele ya jina lake. Kisha nikaita jina linalofuata.